Familia ya opereta kwenye PostgreSQL: tani, kilo na gramu za mwaloni zikae kwenye mstari mmoja

Maswali ni yale yale. Mtu anatengeneza mfumo wa kupokea mzigo pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, anahifadhi uzito pamoja na kipimo chake kama karani alivyouandika, halafu anashangaa mbona tani 1.2 za dagaa zinaonekana nyepesi kuliko kilo 45 za sato. Akishahangaika na hilo na kuandika opereta zake mwenyewe (alama za kulinganisha kama `=`), linakuja swali la pili, na hili ndilo linalowachosha wengi: opereta zinafanya kazi, indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) ipo, lakini kanzidata bado inasoma jedwali zima. Mwongozo huu unajibu yote mawili kwa mfano mmoja. Nakili, endesha, uone mwenyewe.

## Kabla hujaanza

Hakikisha una vitu hivi:

- PostgreSQL toleo la 14 au jipya zaidi. Fanksheni zote hapa zimeandikwa kwa mtindo wa `RETURN`, ambao matoleo ya nyuma hayaufahamu.
- Akaunti yenye mamlaka yote kwenye kanzidata, kama ile ya `postgres`. Bila hiyo huwezi kuunda darasa wala familia ya opereta. Kama kanzidata yako umeikodi kwa mtu, muulize kwanza, kwa sababu wengi hawatoi mamlaka hayo.
- `psql`. Programu za kubofya zinafaa, ila amri fupi nitakazozitaja, kama `\dAo`, ni za `psql` toleo la 13 kuendelea.
- Kanzidata ya majaribio. Usifanyie mazoezi kwenye ile ambayo watu wanapimia mzigo asubuhi.

Na kabla ya yote jiulize kama kweli unahitaji kazi hii. Kama wewe ndiye pekee unayeandika kweri (maswali kwa kanzidata), na unachotaka ni kutafuta haraka kwa uzito, mstari mmoja unatosha: `CREATE INDEX ON mapokezi (gramu(mzigo));`, halafu kila kweri iandike `gramu(mzigo)` (jedwali na fanksheni hiyo utaviona hatua ya 2). Kama shida yako ni `LIKE 'sang%'` kutotumia indeksi, hiyo dawa yake imeshatengenezwa na inaitwa `text_pattern_ops`. Endelea na mwongozo huu kama unataka `ORDER BY`, `DISTINCT`, `UNIQUE` na `=` za kawaida zitoe jibu sahihi hata zikiandikwa na kijana aliyeajiriwa jana.

## Nadharia kidogo tu

Indeksi ya B-tree, ile ya kawaida ya PostgreSQL, haijui maana ya `<`. Kwake hiyo ni alama tu. Darasa la opereta ndilo linaloiambia: kwa aina hii ya data, alama hizi tano ndizo za kupanga, na fanksheni hii ndiyo ya kulinganisha. Kila alama ina namba yake, na namba hazibadiliki:

1 ni `<`, 2 ni `<=`, 3 ni `=`, 4 ni `>=`, 5 ni `>`.

Opereta ya `<>` haina namba. Wengi huitafutia nafasi ya sita, haipo.

Familia ya opereta ni kundi kubwa kuliko darasa. Inakusanya opereta za aina mbalimbali za data zinazokubaliana juu ya mpangilio mmoja. Unaitumia kila siku bila kujua: safu yako ni `bigint`, unaandika `WHERE id = 42`, na 42 ni `integer`. Aina mbili tofauti, na indeksi inatumika bila shida, kwa sababu `smallint`, `integer` na `bigint` zote ziko katika familia moja iitwayo `integer_ops`. Hicho ndicho tunachokitengeneza hapa, kwa uzito.

## Hatua

1. Unda aina ya data.

```sql
CREATE TYPE uzito AS (kiasi numeric, kipimo text);
```

Tumia `numeric`, usitumie `float8`. Sababu utaiona hatua ya 7.

2. Andika fanksheni ya kugeuza kila kitu kuwa gramu.

```sql
CREATE FUNCTION gramu(u uzito) RETURNS numeric
LANGUAGE sql IMMUTABLE PARALLEL SAFE
RETURN (u).kiasi * CASE (u).kipimo
         WHEN 'g'  THEN 1
         WHEN 'kg' THEN 1000
         WHEN 't'  THEN 1000000
       END;
```

Kwa nini gramu na si kilo? Kwa sababu ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki. Dagaa wanahesabiwa kwa tani, sangara kwa kilo, lakini mabondo ya sangara ni bidhaa ya bei, na gramu chache zikipotea mtu anapiga kelele.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoharibu. Wazo la kwanza la kila fundi ni kuweka viwango vya kugeuza kwenye jedwali, ili meneja akitaka kuongeza kipimo kipya aongeze mwenyewe. Inaonekana safi. Usifanye. Neno `IMMUTABLE` hapo juu ni ahadi: ukinipa thamani ileile leo, kesho na mwakani, nitakupa jibu lilelile. Indeksi inajengwa juu ya ahadi hiyo. Inapanga mizigo mara moja, inaandika mpangilio kwenye diski, na hairudi kuuliza tena. Fanksheni ikisoma jedwali na mtu akabadilisha namba moja, mizigo ya zamani inabaki mahali pake pa zamani huku kweri mpya zikitafuta kwa kipimo kipya. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Kweri itarudisha mistari pungufu, basi, na karani ataambiwa mzigo haupo wakati anaukanyaga. PostgreSQL haihakiki kama umesema kweli ulipoandika `IMMUTABLE`, inakuamini.

Kwa sababu hiyohiyo usiweke gunia wala debe kwenye hiyo `CASE`. Debe la dagaa wakavu na debe la mahindi havilingani uzito, na gunia linategemea aliyelishindilia. Vitu hivyo vipimwe kwanza, ndipo viingie kwenye mfumo kama kilo. Ukitaka kukumbuka kwamba mzigo ulikuja kwa magunia, weka idadi ya magunia kwenye safu yake.

Sasa jedwali na mizigo minne:

```sql
CREATE TABLE mapokezi (
  id bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  bidhaa text NOT NULL,
  mzigo uzito NOT NULL CHECK (gramu(mzigo) IS NOT NULL)
);

INSERT INTO mapokezi (bidhaa, mzigo) VALUES
  ('dagaa',   '(1.2,t)'),
  ('sangara', '(850,kg)'),
  ('mabondo', '(640,g)'),
  ('sato',    '(45,kg)');

SELECT bidhaa, mzigo FROM mapokezi ORDER BY mzigo;
```

Utaona dagaa (1.2,t), sato (45,kg), mabondo (640,g), sangara (850,kg). Kanzidata imelinganisha safu ya kwanza ya ndani, yaani `kiasi`, na kipimo haikukijali. Tani na robo hivi za dagaa zimekuwa mzigo mwepesi kuliko yote.

Hiyo `CHECK` usiiruke. Karani akiandika `KG` kwa herufi kubwa, au `kilo`, `CASE` haitapata jibu na gramu zitakuwa NULL. Ni afadhali mzigo ukataliwe mlangoni kuliko uingie ukiwa hauna uzito.

3. Andika fanksheni ya kulinganisha. Hii ndiyo roho ya indeksi. Inarudisha namba hasi, sifuri au chanya.

```sql
CREATE FUNCTION uzito_linganisha(a uzito, b uzito) RETURNS integer
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE
RETURN numeric_cmp(gramu(a), gramu(b));
```

`numeric_cmp` imo ndani ya PostgreSQL tayari. Wengi huandika yao kwa `CASE WHEN ... THEN -1 WHEN ... THEN 1 ELSE 0 END`. Tatizo liko kwenye `ELSE 0`: gramu zikiwa NULL, mzigo huo utahesabiwa kuwa sawa na kila mzigo mwingine, na indeksi nzima itavurugika kimyakimya. `numeric_cmp` ikipewa NULL inarudisha NULL, na B-tree inagoma papo hapo kwa sauti.

4. Unda opereta sita pamoja na fanksheni zake.

```sql
CREATE FUNCTION uzito_lt(a uzito, b uzito) RETURNS boolean
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE RETURN gramu(a) <  gramu(b);
CREATE FUNCTION uzito_le(a uzito, b uzito) RETURNS boolean
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE RETURN gramu(a) <= gramu(b);
CREATE FUNCTION uzito_eq(a uzito, b uzito) RETURNS boolean
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE RETURN gramu(a) =  gramu(b);
CREATE FUNCTION uzito_ne(a uzito, b uzito) RETURNS boolean
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE RETURN gramu(a) <> gramu(b);
CREATE FUNCTION uzito_ge(a uzito, b uzito) RETURNS boolean
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE RETURN gramu(a) >= gramu(b);
CREATE FUNCTION uzito_gt(a uzito, b uzito) RETURNS boolean
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE RETURN gramu(a) >  gramu(b);

CREATE OPERATOR < (LEFTARG = uzito, RIGHTARG = uzito, FUNCTION = uzito_lt,
  COMMUTATOR = > , NEGATOR = >= , RESTRICT = scalarltsel, JOIN = scalarltjoinsel);
CREATE OPERATOR <= (LEFTARG = uzito, RIGHTARG = uzito, FUNCTION = uzito_le,
  COMMUTATOR = >= , NEGATOR = > , RESTRICT = scalarlesel, JOIN = scalarlejoinsel);
CREATE OPERATOR = (LEFTARG = uzito, RIGHTARG = uzito, FUNCTION = uzito_eq,
  COMMUTATOR = = , NEGATOR = <> , RESTRICT = eqsel, JOIN = eqjoinsel, MERGES);
CREATE OPERATOR <> (LEFTARG = uzito, RIGHTARG = uzito, FUNCTION = uzito_ne,
  COMMUTATOR = <> , NEGATOR = = , RESTRICT = neqsel, JOIN = neqjoinsel);
CREATE OPERATOR >= (LEFTARG = uzito, RIGHTARG = uzito, FUNCTION = uzito_ge,
  COMMUTATOR = <= , NEGATOR = < , RESTRICT = scalargesel, JOIN = scalargejoinsel);
CREATE OPERATOR > (LEFTARG = uzito, RIGHTARG = uzito, FUNCTION = uzito_gt,
  COMMUTATOR = < , NEGATOR = <= , RESTRICT = scalargtsel, JOIN = scalargtjoinsel);
```

Angalia nafasi kati ya `=` na alama inayofuata. `COMMUTATOR =>` bila nafasi inasomwa kama alama nyingine kabisa na utapata kosa la sarufi.

`COMMUTATOR` ni opereta ya kutumia pande mbili zikibadilishana: a < b ni sawa na b > a. `NEGATOR` ni kinyume chake: kisicho `<` ni `>=`. Watu huzichanganya hizi mbili, na hapo mpangaji wa kweri (sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kuendesha kweri) anageuza sharti lako kuwa sharti jingine. Zisome mara mbili.

Sijaweka `HASHES` kwenye `=`, na nimefanya hivyo makusudi. Tutaifikia.

Ukiendesha sasa `SELECT ... WHERE mzigo < '(50,kg)'` utapata jibu sahihi, mabondo na sato. Lakini `ORDER BY mzigo` bado inatoa mpangilio ule mbovu. Wengi huishia hapa wakidhani kazi imekwisha. `ORDER BY` haiangalii opereta zako, inaangalia darasa.

5. Unda familia, kisha darasa ndani yake.

```sql
CREATE OPERATOR FAMILY uzito_familia USING btree;

CREATE OPERATOR CLASS uzito_ops
  DEFAULT FOR TYPE uzito USING btree FAMILY uzito_familia AS
  OPERATOR 1 < ,
  OPERATOR 2 <= ,
  OPERATOR 3 = ,
  OPERATOR 4 >= ,
  OPERATOR 5 > ,
  FUNCTION 1 uzito_linganisha(uzito, uzito);
```

Ukiacha `FAMILY`, PostgreSQL itaunda familia yenye jina la darasa. Inafaa, ila mimi napenda kuitaja wazi ili anayekuja nyuma yangu ajue pa kuongezea. Neno `DEFAULT` ndilo linalofanya `ORDER BY`, `DISTINCT` na `CREATE INDEX` zichague darasa hili zenyewe.

Rudia kweri ya hatua ya 2. Sasa ni mabondo, sato, sangara, dagaa.

Usinakili `FUNCTION 4 btequalimage` kutoka kwenye mifano ya wengine. Hiyo inaiambia B-tree kwamba thamani mbili zikiwa sawa basi zinafanana herufi kwa herufi, hivyo inaweza kuweka nakala moja tu. Kwetu sivyo: (1,t) na (1000,kg) ni sawa kwa uzito lakini risiti ziliandikwa tofauti.

6. Jenga indeksi na uijaribu kwa data nyingi. Mizigo minne haitoshi. Kwa jedwali dogo kanzidata husoma lote, na inafanya vizuri kufanya hivyo.

```sql
INSERT INTO mapokezi (bidhaa, mzigo)
SELECT 'dagaa', ROW(n, 'kg')::uzito FROM generate_series(1, 200000) AS n;

CREATE INDEX mapokezi_mzigo ON mapokezi (mzigo);
ANALYZE mapokezi;

EXPLAIN SELECT * FROM mapokezi WHERE mzigo >= '(199.9,t)';
```

`EXPLAIN` inaonyesha njia ambayo kanzidata itaipitia. Tafuta maneno `Index Cond` kwenye jibu. Ukiyaona, indeksi imetumika. Ukiona `Filter` chini ya `Seq Scan` (kusoma jedwali zima), nenda sehemu ya matatizo.

7. Ongeza aina ya pili kwenye familia. Watumiaji hawataki kuandika `'(1000,kg)'`. Wanataka `mzigo >= 1000`, wakimaanisha kilo. Tuanze na opereta moja:

```sql
CREATE FUNCTION uzito_kg_ge(a uzito, b numeric) RETURNS boolean
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE RETURN gramu(a) >= b * 1000;

CREATE OPERATOR >= (LEFTARG = uzito, RIGHTARG = numeric,
  FUNCTION = uzito_kg_ge, RESTRICT = scalargesel, JOIN = scalargejoinsel);

EXPLAIN SELECT * FROM mapokezi WHERE mzigo >= 199900;
```

Hapa ndipo lilipo lile swali la pili. Kweri inakubalika na jibu ni sahihi, lakini `EXPLAIN` inaonyesha jedwali zima linasomwa. Opereta ipo, indeksi ipo, ila hazijuani. Zikutanishe:

```sql
CREATE FUNCTION uzito_kg_linganisha(a uzito, b numeric) RETURNS integer
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE
RETURN numeric_cmp(gramu(a), b * 1000);

ALTER OPERATOR FAMILY uzito_familia USING btree ADD
  OPERATOR 4 >= (uzito, numeric),
  FUNCTION 1 uzito_kg_linganisha(uzito, numeric);
```

Endesha `EXPLAIN` ileile tena. Itatokea `Index Cond: (mzigo >= '199900'::numeric)`. Hukujenga indeksi upya wala kugusa data.

Tahadhari ya familia ni moja, lakini nzito: kila kilichomo lazima kikubaliane. Kama A ni sawa na B, na B ni sawa na C, basi A iwe sawa na C, hata zikiwa za aina tatu tofauti. Ndiyo maana PostgreSQL yenyewe haijaweka `float8` na `numeric` kwenye familia moja. Namba 9007199254740992 na 9007199254740993 ni tofauti kama `numeric`, lakini zikigeuzwa `float8` zote zinakuwa ile ya kwanza. Ukiwaingiza hao ndani ya nyumba moja, mpangilio unavunjika. Na kama ofisini kwenu kuna wanaoandika namba tupu wakimaanisha gramu, kubalianeni kwanza kabla ya kuandika opereta.

8. Hakiki.

```sql
SELECT amvalidate(oid) FROM pg_opclass WHERE opcname = 'uzito_ops';
```

Kwa sasa itarudisha `f`, pamoja na maelezo ya kinachokosekana. Usishtuke. Inakwambia kwamba jozi ya `uzito` na `numeric` ina opereta moja badala ya tano, na kwamba jozi nyingine hazijaandikwa. Familia pungufu inaruhusiwa na kweri zako zitakuwa sahihi, ila mpangaji hatakuwa na uhuru wote. Kuikamilisha, andika nne zilizobaki za (uzito, numeric), kisha tano za (numeric, uzito) na fanksheni yake ya kulinganisha, halafu ongeza za (numeric, numeric), ambazo zipo tayari: unazitaja tu kwa namba zake pamoja na `FUNCTION 1 numeric_cmp(numeric, numeric)`. Opereta moja inaweza kukaa kwenye familia zaidi ya moja. Ukimaliza, `amvalidate` itarudisha `t`.

Kuona yaliyomo wakati wowote: `\dAo btree uzito_familia` kwa opereta, `\dAp btree uzito_familia` kwa fanksheni.

## Ukitaka na hashi

Kwa kuunganisha majedwali makubwa kwa `=`, hashi, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye thamani, husaidia. Fanksheni ya hashi ina sheria moja: vilivyo sawa vipate hashi moja.

```sql
CREATE FUNCTION uzito_hashi(a uzito) RETURNS integer
LANGUAGE sql IMMUTABLE STRICT PARALLEL SAFE
RETURN hash_numeric(gramu(a));

CREATE OPERATOR CLASS uzito_hashi_ops
  DEFAULT FOR TYPE uzito USING hash AS
  OPERATOR 1 = ,
  FUNCTION 1 uzito_hashi(uzito);
```

Kosa la kawaida ni kuhashi maandishi, `hashtext(a::text)`. Tani 1 na kilo 1000 zitapata hashi mbili tofauti, na mistari itapotea kwenye muungano bila kosa lolote. Baada ya darasa hili kuwepo ndipo `=` inaruhusiwa kuwa na `HASHES`. Ukiiweka mapema, PostgreSQL haitakukataza wakati wa kuunda opereta. Itakuangusha wakati wa kuendesha kweri.

## Yakikwama

`Seq Scan` haiondoki. Anza na `SET enable_seqscan = off;` kisha `EXPLAIN` tena. Ikitumia indeksi, basi hakuna tatizo, kanzidata iliona kusoma lote ni nafuu. Ikikataa hata hapo, opereta yako haimo kwenye familia ya indeksi hiyo.

Indeksi ilijengwa kabla ya darasa. Indeksi hubaki na darasa la siku iliyoundwa. Angalia `\d mapokezi`. Ukiona `mzigo record_ops`, hiyo ni ya zamani. Ifute, iunde upya. `REINDEX` peke yake haitabadilisha darasa.

`function ... returned NULL` wakati wa kujenga indeksi. Kuna mzigo wenye kipimo kisichojulikana ulioingia kabla ya `CHECK`. Utafute: `SELECT * FROM mapokezi WHERE gramu(mzigo) IS NULL;`

`function gramu(uzito) does not exist` wakati wa kurejesha nakala, au kwenye `CREATE INDEX` kuanzia toleo la 17. Umeandika mwili wa fanksheni ndani ya `$$ ... $$`. Mwili huo husomwa upya kila unapoendeshwa, na nyakati hizo kanzidata huwa imefunga njia ya kutafutia majina. Andika kwa `RETURN` kama hapa juu, majina yanafungwa siku ya kuundwa. Hili huwapata watu siku ya kurejesha nakala, siku mbaya kuliko zote, kwa hiyo jaribu kurejesha mapema.

Ujenzi wa indeksi ni wa polepole. Ndivyo ulivyo. Fanksheni za SQL zinaitwa kwa kila ulinganisho. Kwa mapokezi ya soko zinatosha. Kwa mamia ya mamilioni ya mistari, fanksheni hizo ziandikwe kwa C.

Una wasiwasi kwamba mpangilio umeharibika, labda mtu alibadilisha `gramu`:

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS amcheck;
SELECT bt_index_check('mapokezi_mzigo');
```

Ikinyamaza, indeksi iko sawa. Ikitoa kosa, rekebisha fanksheni kwanza, ndipo `REINDEX INDEX mapokezi_mzigo;`. Ukigeuza mfuatano huo utajenga upya uharibifu uleule.

Unataka kufuta vyote uanze upya. `DROP OPERATOR FAMILY uzito_familia USING btree;` itakataa ikiwa kuna indeksi inayoitegemea, na orodha yake utaonyeshwa. Isome. Ukiongeza `CASCADE` bila kuisoma, indeksi zinaondoka pamoja na familia, zikiwemo za `UNIQUE`. Kwa mazoezi, anza yote kwa `BEGIN;`. Amri zote za mwongozo huu zinarudi nyuma kwa `ROLLBACK;`.